BIMA YA SAFARI NA TUMBO LA MWENZETU



Limeletwa ofisini kwetu shauri la mwenzetu mmoja, fundi wa mitambo, ambaye tajiri wake alimpeleka India kwa majuma matatu ili ajifunze mashine mpya. Jina lake hatulitaji, wala jina la kampani ya bima, maana shauri halijakwisha. Siku ya tisa alishikwa na tumbo usiku, akakimbizwa hospitali, na kabla ya mapambazuko alikwisha pasuliwa kidole tumbo. Hospitali haikukubali atoke mpaka ilipwe. Jamaa zake huku nyumbani wakauza ng'ombe wawili, na sisi wenzake tukachanga tulichoweza.

Aliporudi alidai fedha hizo kutoka kwa bima ya safari aliyokatiwa na tajiri. Baada ya miezi miwili ikaja barua ya mistari sita. Madai yamekataliwa, yasema barua, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa wa zamani, na tena mgonjwa hakupiga simu kuomba ruhusa kabla ya kutibiwa.

Twauliza, huo uzamani kampani iliuona wapi? Iliandikia zahanati yake ya hapa, ikakuta katika daftari kwamba miezi minne kabla ya safari alilalamika tumbo, akapewa dawa ya kiungulia. Basi, ni hayo tu. Nani kati yetu anayekula chakula cha zamu ya usiku na hajawahi kulalamika tumbo? Kidole tumbo kikivimba, kwa kawaida ni jambo la saa na siku, si la miezi, na kikiachwa hupasuka ndani na kuweza kumwua mtu. Karani aliyeandika barua ile si daktari, na hakuambatisha neno lolote la daktari.

Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 107, yasema kwamba mwenye kudai jambo ndiye alithibitishe. Mwenzetu ni juu yake kuonyesha kwamba alikuwa na bima, aliugua, alitibiwa, na alilipa. Hayo yote ana hati zake. Kampani nayo, ikitaka kuponea katika kifungu kinachoitoa katika deni, ni juu yake kuthibitisha kwamba kifungu hicho chahusika. Na maneno ya mkataba yakiwa na maana mbili, mahakama huyasoma kwa hasara ya yule aliyeyaandika. Mwenzetu hakuandika hata neno moja.

Habari ya simu haihitaji maneno mengi. Mtu aliyelala kwa nusukaputi hapigi simu. Hati yenyewe, tulipoipata, yasema ruhusa iombwe "mapema iwezekanavyo" pakiwa na dharura, na daftari la simu laonyesha kwamba mwenyeji wake alipiga asubuhi ile ile.

Tumesema "tulipoipata", na hapa ndipo penye uchungu. Hati ya bima ilikuwa katika sanduku la tajiri. Mwenzetu alisafiri na kikaratasi kidogo chenye namba ya simu. Ilituchukua barua tatu kupewa nakala. Mtu atashindanaje na mkataba asiouona? Hata wanaokwenda Ulaya kwa viza ya Schengen hutakiwa wawe na bima ya yuro 30,000 au zaidi, nao wengi hununua karatasi ili ubalozi uridhike, wala hawafungui ukurasa wa pili.

Basi aliyekataliwa na asikae kimya. Aandike kwa kampani akitaka aonyeshwe kifungu hasa wanachokitegemea, na ushahidi wao. Amwombe daktari aliyemtibu aandike ugonjwa ulianza lini na kwa nini matibabu hayakungoja. Atunze risiti za asili, hesabu ya hospitali iliyochanganuliwa kitu kwa kitu, na muhuri wa pasipoti. Kwao apeleke nakala. Wakishikilia kukataa, alalamike kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, ambayo hupokea malalamiko ya wenye bima. Na deni lisilozidi shilingi 1,000,000 laweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya 2016, ambayo hutakiwa kutoa hukumu kwa siku 60, na mtu aweza kusimama mwenyewe bila wakili.

Tuseme kweli pia kwa upande wetu. Fomu ikiuliza kama una kisukari au presha, na wewe unavyo, ukaandika "sina" ili mambo yaende haraka, chama hakitakuwa na la kukutetea. Wadanganyifu wapo, na kampani ina haki ya kujilinda nao. Lakini mwenzetu hakuulizwa swali lolote. Tajiri ndiye aliyejaza fomu.

Na tajiri huyo asidhani ametoka salama. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 34, yamtaka ahakikishe mfanyakazi mgonjwa anapata dawa. Yeye ndiye aliyemtuma mtu ng'ambo kwa faida ya kiwanda chake. Katika mapatano yajayo tutadai kwamba kila anayetumwa nje apewe hati nzima ya bima siku kumi na nne kabla ya kuondoka, na aelezwe kwa lugha anayoijua. Na bima ikikataa kulipa, tajiri alipe hospitali kwanza, kisha agombane na kampani yeye mwenyewe, kwa wakili wake.

Barua ya daktari wa India imefika, nasi tumeipeleka kwa kampani pamoja na yetu. Tumewapa siku 21. Wajumbe wa matawi wenye wanachama waliokataliwa namna hii walete barua zao ofisini kabla ya mkutano wa halmashauri.