Mechi za ujirani mwema zisitugombanishe





Wasomaji wengi watakumbuka kuwa mwaka 2014 timu ya watoto wa mitaani kutoka Mwanza ilikwenda Rio de Janeiro, Brazil, ikaiwakilisha Tanzania katika Kombe la Dunia la Watoto wa Mitaani na ikarudi na kikombe. Katika fainali waliifunga Burundi mabao 3-1. Mwaka 2010 huko Durban, Afrika Kusini, Tanzania ilikuwa ya pili nyuma ya India. Tulishangilia, na tulistahili. Lakini naona tunasifu kikombe tu. Watoto wa mitaani wa Mwanza hutoka kila upande, Mara, Geita, Shinyanga na visiwani. Wakiwekwa katika timu moja hapana mwenyeji wala mgeni, kila mmoja anamhitaji mwenzake ampe pasi.

Sisi huku vijijini tunafanya kinyume. Tunawachukua watoto wa kijiji hiki tunawapambanisha na wa kijiji kile, kisha tunaiita mechi ya ujirani mwema! Mwaka jana nilipeleka timu yangu kucheza na shule jirani. Vijiji hivi viwili vinatumia mwalo mmoja, na siku zile palikuwa na maneno juu ya nyavu zilizoibwa ziwani. Refa alikuwa mwalimu wa wenyeji. Alipotoa penalti mpira ukikaribia kwisha, watu wazima waliingia uwanjani, na habari ya nyavu ikaanza upya mbele ya watoto. Mwanafunzi wangu wa darasa la tano alirudi nyumbani mdomo umepasuka, na aliyempiga ni baba wa watoto. Hivi hapo mpira ulifundisha nini? Watoto wale asubuhi hawakuwa na ugomvi wowote.

Wengine walitaka michezo ifutwe. Kufuta ni rahisi. Hata nchi yetu iliwahi kuisimamisha michezo ya shule mwanzoni mwa miaka ya 2000, na baadaye ikarudishwa. Walimu wa shule zote mbili tulikaa tukakubaliana jambo jingine: safari ya pili kila timu iwe nusu ya huku na nusu ya kule, wavulana katika mpira wa miguu na wasichana katika netiboli. Filimbi tuliwapa wanafunzi wawili, mmoja kila shule. Bao la kwanza lilipoingia watu wazima walibaki wakitazamana, hawajui washangilie au wanune.

Mechi tuliianza saa kumi na moja jioni jua likiwa limepoa, kwa ajili ya msichana mmoja mwenye ualbino ambaye hajapata kuitwa katika timu yoyote. Kanda yetu ya Ziwa inajua aibu ya mauaji ya miaka ya 2007 na 2008. Kumwona mtoto yule akilinda goli na kuwafokea wenzake wa kijiji kingine kwa kuzubaa, kwangu lilikuwa jambo kubwa kuliko matokeo.

Sisemi kuwa ugomvi umekwisha. Nyavu bado zinaibwa. Ila watoto wa pande mbili sasa wakikutana mwaloni wanaitana kwa majina, na mwezi uliopita wawili walioshikana mashati waliamuliwa na yule aliyekuwa refa, mtoto wa miaka kumi na mitatu.

Zamani somo hili liliitwa Haiba na Michezo, jina ambalo mimi nililipenda. Lakini mara nyingi kipindi cha michezo humezwa na hesabu za darasa la saba. Nao wanaotuletea jezi kila ukaribiapo uchaguzi hutaka lazima mshindi apate mbuzi.

Nawaomba maafisa elimu kata kwamba kabla ya kuteua wachezaji wa UMITASHUMTA, pawe na siku moja ya timu za mchanganyiko kwa shule jirani. Gharama yake ni mpira mmoja, filimbi mbili na vitambaa vya rangi mbili. Na wazazi wakae nje ya mstari. Kwetu tuliuchora kwa majivu, na safari hii hakuna aliyeuvuka.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ukerewe, Mwanza.