Kabla Hamjakata Waya wa Alamu

Alamu ya gari inayolia yenyewe usiku wa manane inaweza kuwagombanisha watu wanaopendana. Mmoja anataka ikatwe, mwingine anaogopa wezi. Mimi nasema wote mna hoja: gari bila alamu halina mlinzi, lakini alamu inayolia ovyo majirani huizoea, na siku mwizi akija kweli hakuna atakayechungulia dirishani.

Anzeni na betri. Ipimeni asubuhi kabla ya kuwasha gari: iliyojaa husoma volti 12.6 hivi. Ikiwa chini ya 12, iko hoi, na umeme ukishuka alamu nyingi hulia. Kisha boneti. Kwetu shida ilikuwa hapo: swichi yake ndogo ilishika kutu, alamu ikadhani boneti imefunguliwa. Mume wangu akaisafisha, kelele zikaisha. Kagueni na swichi za milango. Kama hulia kila lori likipita, mwambieni fundi umeme wa magari apunguze ukali wa sensa ya mtikisiko.

Hayo yafanyeni mchana, mkiwa wawili, mmeshakunywa chai. Ugomvi wa saa 8 usiku hautengenezi gari.