Saa ya mfuniko wa sufuria: itundike sebuleni, usiikopee

Ndugu mkulima, na wewe mfanyabiashara wa gulioni, leo naweka pembeni mbolea na chanjo za kuku. Kuna jambo linazunguka vijijini na linakula pesa za vikundi kimyakimya. Ni yale mafunzo ya "geuza taka kuwa mali". Mwezeshaji anakuja na saa ya ukutani iliyotengenezwa kwa mfuniko wa sufuria, vijiko vikuukuu na visoda. Saa inapendeza kweli, hilo sibishi. Watu wanaishika, wanapiga picha. Kisha linatoka lile neno: "Huu ni mradi. Andikeni maombi ya mkopo."

Msimamo wangu nausema wazi. Saa hiyo itengeneze, na hapa chini nakuelekeza namna. Mradi huo wa kikundi ukatae, mpaka mtu akuonyeshe mnunuzi kwa jina lake.

Taka si ya bure

Wanakwambia malighafi ni bure kwa sababu ni taka. Haya, nenda kamuulize mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita na baiskeli. Sufuria ya alumini iliyotoboka anainunua kwa kilo. Mfuniko nao anaununua. Kwa hiyo kitu hicho kina bei tayari, hata kabla hujakipaka rangi.

Pia hesabu mifuniko iliyong'oka kishikio hapo kijijini kwenu. Nyumba hii mmoja, nyumba ile hakuna. Mkishatengeneza saa ishirini, thelathini, taka nzuri imekwisha. Ndipo kikundi kinaanza kununua mifuniko mizima dukani ili kutengeneza kitu "cha taka". Hapo mmeshageuza mali kuwa taka.

Na kumbuka, kinachofanya saa iwe saa ni mashine, wala si mfuniko. Mashine inanunuliwa mjini. Tuchukue mfano, wewe utaweka bei za kwenu: mashine na mishale yake 5,000, betri 1,000, gundi na rangi 1,500, mfuniko 2,000. Jumla 9,500, na bado hujajilipa nusu siku uliyokaa ukipiga msasa. Ukijilipa 3,000 tu, imefika 12,500. Sasa nenda mnadani uone saa ya plastiki inauzwaje. Kama ni 10,000, umeshindwa kabla hujatandika turubai.

Saa hailiwi

Hili ndilo kubwa, nanyi wafanyabiashara mnalijua kuliko mimi. Nyanya inaliwa leo, kesho mtu anarudi. Yai ni hivyo hivyo, chumvi ni hivyo hivyo. Saa ya ukutani mtu ananunua moja, anakaa nayo miaka. Nyumba nyingi zinatosheka na moja, na zipo zinazosema simu inatosha. Kijiji chenye kaya 300, hata kama kaya moja kati ya kumi itanunua, umeuza saa 30. Mwezi wa pili utamuuzia nani?

Kwa hiyo mtu anapoacha palizi ya mahindi akae chini ya mwembe anabandika visoda, mwulize anabadilisha nini kwa nini. Magugu hayasubiri gundi ikauke.

Mkopo usio na riba bado ni deni

Hapa Tanzania halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Ni jambo jema, na vikundi vingi vimeinuka kwa mikopo ya namna hiyo. Lakini kutokuwa na riba hakuifanyi zawadi. Marejesho yana tarehe, na tarehe ikifika hakuna atakayepokea saa za mapambo badala ya pesa. Mwenyekiti wa kikundi atauza mbuzi wake, mweka hazina atakimbiwa na wenzake, na kikundi kilichochukua miaka kujengwa kitavunjika kwa ajili ya mifuniko ya sufuria.

Mwezeshaji yeye atakuwa wapi? Ameshalipwa posho yake, yuko kijiji cha pili na saa ileile mkononi.

"Mbona wengine wanauza?"

Najua swali hilo linakuja, na ni swali la haki. Ni kweli, wapo. Shanga ya Arusha wanayeyusha chupa za kioo na kutengeneza shanga na vyombo, na wafanyakazi wao wengi ni watu wenye ulemavu. Kenya kuna Ocean Sole, wanachonga sanamu za wanyama kutokana na ndala zilizookotwa ufukweni. Kazi zao ni nzuri na wateja wanazo.

Lakini angalia wamekaa wapi. Arusha ndiko watalii wanakopita kwenda Serengeti na Ngorongoro. Mtalii hanunui saa ili ajue muda, ananunua ukumbusho wa safari. Wewe uko kilomita ngapi kutoka barabara ya lami? Ukiiga kazi yao bila soko lao, umeiga nusu, tena ile nusu isiyoleta pesa.

Kwa ajili ya nyumba yako, ifanye hivi

1. Tafuta mfuniko wa sufuria uliong'oka kishikio. Tundu la katikati liko tayari. Mashine nyingi hupita kwenye tundu la milimita 8 hivi. Likiwa dogo, lipanue kwa tupa ya duara kidogo kidogo.

2. Mashine usikimbilie kununua. Fundi saa au fundi redio wa gulioni ana saa zilizovunjika kioo au uso lakini mashine nzima. Weka betri, usubiri mshale wa sekunde uzunguke dakika kumi bila kusita. Ukisita, mrudishie.

3. Safisha mfuniko kwa majivu au msasa laini, kausha, paka rangi ukitaka.

4. Kupata nafasi 12 zilizo sawa, kata karatasi ya duara yenye ukubwa wa mfuniko. Ikunje mara mbili upate robo, kisha robo hiyo ikunje sehemu tatu zilizo sawa. Ukifungua una mistari 12. Hamishia alama kwenye mfuniko, bandika visoda, vifungo vya shati au mbegu kubwa.

5. Mashine ikae nyuma, kwenye shimo la mfuniko. Kaza nati kwa mkono, usitumie nguvu. Mishale iwe myepesi, ile ya plastiki au bati jembamba. Mashine hii inaendeshwa na betri moja ndogo ya volti 1.5. Ukiifunga kijiko kama mshale, itasimama.

6. Panga mishale yote ielekee juu, kisha izungushe kwa mkono duara zima uone haigusani wala haikwami kwenye visoda.

Na kwa kuwa alama unaziweka mwenyewe, unaweza kuandika saa kwa hesabu yetu. Pale kiwanda kinapoweka 7, wewe weka 1. Juu kabisa kunapokuwa 12, weka 6. Asubuhi mtoto wa darasa la kwanza ataona saa moja na atasoma saa moja, bila kuambiwa aangalie upande wa pili. Dakika zinabaki kuhesabiwa kutoka juu.

Usitundike sumu ukutani

Hapa sina mjadala. Kopo au chupa ya kiuatilifu haiwi saa, haiwi chombo cha maua, haiwi kitu chochote ndani ya nyumba. Hata ukiiosha kwa sabuni, sumu inaweza kubaki, na mtoto anashika kila kinachong'aa. Chombo kikiisha dawa, kisuuze mara tatu, maji ya kusuuzia yamimine kwenye bomba lako la kupulizia, kisha kitoboe kisitumike tena. Usikichome. Mwone afisa ugani au muuza pembejeo, akuelekeze kinapelekwa wapi.

Vivyo hivyo usikate bati za asbesto, na usipige msasa rangi ya zamani inayobanduka, kwani inaweza kuwa na risasi. Betri ikiisha, itoe. Ikivuja itakula mashine yote.

Mwenye haki ya kuuza

Je, hakuna anayeweza kuiuza? Yupo. Ni fundi ambaye tayari ana meza gulioni, ana mashine kuukuu ndani ya boksi, na saa ni nyongeza tu kwenye kazi yake ya redio na simu. Atengeneze moja, aitundike mezani iwe tangazo, zinazofuata atengeneze kwa oda, nusu ya pesa ikilipwa mbele. Hapo hakuna mkopo wala stoo ya saa zinazoota vumbi.

Kikundi chako kikitaka kukopa, kopeni kwa kitu ambacho jirani atakirudia wiki ijayo. Na mwezeshaji atakapokuja na saa yake, mpokeeni kwa heshima, mpeni maji, kisha mwulizeni swali moja tu mbele ya watu wote: "Wewe mwenyewe umeshauza ngapi, na kwa nani?"