Harusi ya Pamoja Si Sadaka ya Maskini

Mwezi wa Julai 2024, mama anayetupikia chakula cha mchana shuleni, huku Machakos, alinijia katika chumba cha walimu akiwa ameshika kadi. "Mwalimu," aliniambia, "Agosti utakuja kanisani. Kuna harusi." Nikamwuliza ni binti yake yupi anayeolewa. Akacheka hata akafunika mdomo kwa leso. Kumbe bibi harusi alikuwa yeye mwenyewe, mama wa watoto 4 na nyanya wa wajukuu 2, aliyekwisha kuishi na mumewe kwa miaka 27.

Nilihudhuria. Jozi 18 zilifunga ndoa katika misa moja. Mzee mmoja alikwenda altareni kwa mkongojo, naye kijana wa bodaboda aliyekuwa mdogo kuliko wote hakuonekana kuwa ametimiza miaka 25. Misa ilichukua takriban saa nne, kwani paroko hakukubali kiapo cha jumla. Sheria ya Kanisa Katoliki yasema kuwa ridhaa ya wawili ndiyo ifanyayo ndoa, wala hakuna mamlaka ya binadamu yawezayo kuziba pengo lake inapokosekana. Kwa hiyo kila mume na kila mke aliitwa kwa jina, akasimama mbele ya mashahidi, akatamka. Wanaume wawili watatu walikwama katikati ya maneno. Wake zao hawakukwama. Baadaye tulikula muthokoi na pilau chini ya hema lililokodiwa kwa michango ya jumuiya zote, na keki ilikuwa moja tu.

Nisingalishika kalamu lau si maneno niliyoyasikia nikiwa katika foleni ya chakula. Kijana mmoja wa chuo kikuu alimwambia mwenzake kuwa hizo ni harusi za wasiojiweza, na kwamba yeye atangoja mpaka apate za kutosha. La kusikitisha ni kuwa wenzangu wa chumba cha walimu husema vivyo hivyo, ila kwa Kiswahili sanifu zaidi.

Za kutosha ni ngapi? Mimi nilioa mwaka 1998 kwa kamati, kadi za mchango, magari ya kuazima na mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Sherehe ilikuwa ya siku moja. Mkopo niliulipa kwa miaka minne. Mwanangu wa kwanza alizaliwa na kuachishwa ziwa nikiwa ningali nakatwa mshahara kwa ajili ya pilau iliyoliwa na watu ambao nusu yao sikuwafahamu. Sijawahi kumsikia mtu akisema kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa harusi ya asiyejiweza.

Wanaoishi pamoja bila ndoa ya kanisa mara nyingi huhukumiwa kuwa wamelegea katika imani. Sikubaliani na hukumu hiyo. Mpishi wetu hakukosa misa ya Jumapili kwa miaka hiyo yote, ila wenzake walipopanga mstari kwenda kupokea Ekaristi, yeye alibaki katika benchi. Kilichomzuia ni gharama mbili zilizosimama mlangoni pamoja: sherehe ambayo majirani wangeitarajia, na mahari. Kwetu Ukambani, mbuzi wa ntheo wasipopelekwa, mke huhesabiwa kuwa bado ni binti wa kwao. Wazazi husubiri mbuzi, padri husubiri neno la wazazi, na miaka inapita.

Hapa ndipo jumuiya ndogo ndogo zilipofanya kazi ambayo wengi hawakuiona siku ile ya nderemo. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuzipa jumuiya hizo kipaumbele, walitaka Kanisa lishuke hadi mlangoni pa nyumba. Katika parokia hii lilishuka hadi zizini. Wazee wa jumuiya walikwenda kwa wakwe wa fundi yule wa mawe, mume wa mpishi wetu, wakakaa, wakanywa chai, wakarudi mara ya pili na ya tatu, hata ikakubaliwa kuwa mbuzi watatu watoshe na mengine yaachwe kwa hiari. Mafundisho ya katekista nayo yaliendelea kwa miezi. Yeyote anayedhani kuwa harusi ya pamoja ni njia ya mkato angalihudhuria vikao hivyo.

Wala asidhani kuwa ni jambo la vijijini tu. Tarehe 14 Septemba 2014 Papa Fransisko aliozesha jozi 20 katika Basilika la Mtakatifu Petro, Vatikani, na baadhi yao walikuwa wameishi pamoja kabla ya siku hiyo.

Kuna upande mwingine ambao mwanafunzi wa kike hasa hana budi kuujua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na zote zapasa kusajiliwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kuwa dhana ya ndoa itokanayo na kuishi pamoja kwa muda mrefu itumiwe kwa nadra, na kwamba mzigo wa kuithibitisha ni wa yule anayeidai. Fikiria mjane aliyeishi miaka 27 katika shamba la mumewe, akitakiwa na shemeji zake aonyeshe kilichomfanya kuwa mke. Cheti cha ndoa ni karatasi moja, lakini siku ile huzidi ushahidi wa kijiji kizima.

Ndiyo maana lipo jambo moja ninalolilaumu. Katika parokia nyingine niijuayo, hesabu ya jozi ilitangazwa kwa vigelegele, kisha vyeti vikakaa miezi mingi bila kuwafikia wenyewe, na waliouliza wakaambiwa wangoje. Aidha, nimewahi kuona kigango kikishindana na kigango kwa idadi ya maharusi. Mashindano ya namna hiyo humsukuma altareni mtu ambaye moyo wake haujafika, na ridhaa niliyoitaja hapo juu hugeuka maneno matupu.

Mpishi wetu alipewa cheti chake siku iyo hiyo. Jumatatu alikuja kazini kama kawaida, akanionyesha, kisha akakirudisha katika mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho chake.

Orodha ya harusi ya pamoja iliyofuata ilibandikwa mlangoni mwa kanisa, nami niliisoma jina kwa jina. Walikuwamo wakulima, mshonaji, mlinzi wa usiku na kondakta wa matatu. Nawajua walimu watatu wa shule yetu wanaoishi kama alivyoishi mpishi. Sikuliona jina la hata mmoja wao.