Fizi na Baraka: Wimbo mpya mzuri unapita njia gani kama haupiti redioni?

UCHAMBUZI – Katika mji wa Baraka, kijana anayetaka wimbo mpya haanzi kwa kuwasha redio. Anakwenda kwenye kibanda cha kuchajia simu, kile chenye pano ya sola juu ya bati na spika mlangoni, anatoa kadi yake ya memori na kuomba atiliwe nyimbo. Anasikiliza mbili tatu, anakataa hii, anachukua ile, analipa franka chache na kuondoka. Hakuna mtangazaji aliyemchagulia.

Redio haijafa wilayani Fizi. Redio za jamii ndizo zinazotangaza chanjo, mtoto aliyepotea, hali ya barabara na mahali mapigano yalipofika. Radio Okapi, iliyoanza tarehe 25 Februari 2002, inatangaza kwa lugha tano, Kiswahili kikiwemo. Lakini kwa upande wa muziki, msikilizaji na redio wameachana. Inafaa kuuliza kwa nini, na nani anapoteza katika kuachana huko.

Kwa nini redio haitoshi

Sababu ya kwanza ni uchumi. Redio ndogo ya jamii hutegemea sola, mafuta ya jenereta ikiwa yapo, matangazo ya makanisa na miradi ya mashirika. Watangazaji wengi ni wa kujitolea. Mtu asiyelipwa mshahara hana muda wala mega za kutafuta wimbo wa mwimbaji asiyejulikana huko Mboko au Kazimia. Anapiga zile alizo nazo kwenye kompyuta: nyimbo za Kinshasa, Bongo Fleva ya Dar es Salaam, na nyimbo za injili zinazojulikana tayari.

Sababu ya pili ni desturi ya malipo. Katika muziki wa Kongo, kila mtu anafahamu mabanga, yaani majina ya wenye pesa yanayotajwa ndani ya wimbo kwa malipo. Nje ya wimbo pia pesa inasikika: mwimbaji anayepeleka kazi yake mara nyingi anatazamiwa atoe kitu kidogo. Mwenye nacho anapigwa asubuhi na jioni, asiye nacho anaambiwa arudi wiki ijayo.

Sababu ya tatu ni vita. Bukavu ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 katikati ya Februari 2025, serikali ya mkoa wa Kivu Kusini ilihamia Uvira. Desemba mwaka huohuo waasi waliingia Uvira pia, kabla ya kutangaza kwamba wanaondoka. Baraka iko kwenye barabara hiyohiyo ya kando ya ziwa, kusini ya Uvira. Barabara ikifungwa, mafuta yanapanda bei, na redio inayokosa mafuta hunyamaza. Hata ikibaki hewani, ni haki yake kutanguliza habari za usalama.

Si jambo jipya

Wazee wa eneo hili watakumbuka kwamba wimbo kukosa redio hakukuuzuia kufika. Remmy Ongala, aliyezaliwa mwaka 1947 upande wa Kindu, alivuka kwenda Dar es Salaam mwaka 1978 na kuwa sauti ya wanyonge nchini Tanzania pamoja na Super Matimila. Wimbo wake wa kuhamasisha matumizi ya kondomu, Mambo kwa Soksi, ulikataliwa na Radio Tanzania. Watu waliujua hata hivyo, kwa sababu waliusikia kwenye kumbi za dansi na kwenye kaseti.

Mfano wa karibuni zaidi ni singeli, muziki wa mwendo wa kasi uliozaliwa kwenye mitaa ya watu wa kipato cha chini jijini Dar es Salaam. Ulikua kwenye sherehe za mtaani na kwenye simu kabla ya redio kubwa kuukubali. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa kazi za studio ya Sisso, na muziki huo ukapata wasikilizaji Ulaya.

Hata hapa Kongo, Novemba 2021, tume ya serikali ya udhibiti wa nyimbo ilipiga marufuku wimbo Nini Tosali Te wa kundi la MPR la Kinshasa. Kelele za wananchi zikafanya marufuku iondolewe haraka. Wimbo ulikuwa tayari kwenye simu za watu, na amri isingeweza kuurudisha nyuma.

Njia nne za Fizi

Ukiacha redio, nyimbo mpya zinawafikia watu wa Fizi kwa njia nne hivi. Ya kwanza ni hiyo kadi ya memori, pamoja na kurushiana kwa Bluetooth au Xender, ambako hakuli mega. Mwenye kibanda ndiye mchaguzi mpya wa muziki. Akiwa na sikio zuri, mtaa mzima unafaidika.

Ya pili ni kanisa. Kwaya za Fizi zinatunga bila kukoma, kwa Kiswahili na kwa Kibembe, na kwenye makongamano kwaya ya kijiji kimoja inasikiwa na watu wa vijiji ishirini. Wapigaji wengi wa gitaa na kinanda wa eneo hili walijifunzia huko. Anayetafuta sauti mpya asipuuze Jumapili, hata kama yeye si mtu wa kanisa hilo.

Ya tatu ni ziwa na kambi. Boti kati ya Kigoma na pwani ya Fizi hubeba bidhaa, na nyimbo pia. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imepokea wakimbizi kutoka Kongo, wengi wao wa Fizi, tangu mwaka 1996. Watoto waliozaliwa kule wamekuwa waimbaji wanaochanganya Kibembe na Kiswahili cha Kigoma. Kwa upande wa pili, kambi ya Lusenda, iliyofunguliwa Fizi mwaka 2015, imeleta Warundi pamoja na nyimbo zao. Huko Malawi, kambi ya Dzaleka ina tamasha lake, Tumaini, lililoanzishwa na mkimbizi Mkongomani na kufanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2014.

Ya nne ni ndugu walio mbali. Familia zilizopelekwa Marekani kutoka Nyarugusu zinarekodi nyimbo huko, zinaziweka YouTube, na kiungo kinatua kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Wimbo wa Kibembe uliorekodiwa ng'ambo unaweza kusikika Baraka kabla haujafika Bukavu.

Kinachopotea njiani

Njia hizi zina uhuru, lakini zina hasara mbili kubwa.

Hasara ya kwanza ni jina. Wimbo ukishapita simu kumi, faili linabaki na namba tu. Msikilizaji anaupenda, anauimba shambani, lakini hajui ni wa nani. Mwimbaji naye anapanda pikipiki, anapita kijiji wanachocheza wimbo wake, na hakuna anayemnunulia hata soda. SOCODA, shirika la haki za watunzi, makao yake ni Kinshasa. Kwa mwimbaji wa Fizi, pesa ya kwenda kufuata haki hiyo ni nyingi kuliko haki yenyewe. Na simu ikiibwa au ikizama ziwani, wimbo ambao haukuhifadhiwa pengine unakwenda nayo. Kwa lugha kama Kibembe, yenye vitabu vichache, hiyo ni hasara ya jamii nzima.

Hasara ya pili ni hatari zaidi. Njia inayopitisha wimbo mzuri bila mlinzi inapitisha pia wimbo wa chuki. Katika nyanda za juu za Fizi, Uvira na Mwenga, jamii zimemwaga damu kwa miaka mingi, na hakuna upande usio na makaburi. Redio ya jamii, kwa udhaifu wake wote, ina mkuu wa vipindi anayeweza kuulizwa. Kadi ya memori haina wa kuulizwa. Wimbo unaowaita majirani nyoka au wageni unaweza kuzunguka wiki nzima kabla kiongozi yeyote hajausikia.

Kinachowezekana

Kuna funzo kutoka mbali. Kati ya mwaka 2009 na 2010, Mmarekani mmoja, Christopher Kirkley, alikusanya nyimbo zilizokuwa zikizunguka kwenye simu huko Kidal, kaskazini mwa Mali. Kabla ya kuzitoa kama albamu alijaribu kuwatafuta waimbaji wenyewe, mmoja baada ya mwingine. Kazi ya namna hiyo haihitaji mgeni kutoka Marekani. Fizi ina wanafunzi, walimu wa kwaya na watangazaji wanaoweza kuifanya.

Hatua ya kwanza haigharimu kitu: mwenye kibanda aandike jina la mwimbaji, kijiji na namba ya simu kwenye faili kabla ya kulitia kwenye kadi, ikiwa mwimbaji ameridhia. Mtu akipenda wimbo, ataweza kutuma chochote kwa njia ya simu moja kwa moja.

Hatua ya pili ni ya redio zenyewe. Saa moja kwa juma, bila malipo ya mtu, kwa nyimbo zilizoletwa na wasikilizaji kwenye fulashi: za Kibembe, Kifuliiru, Kinyamulenge, Kirundi, Kiswahili. Kipindi kama hicho kingeokoa kazi ya watangazaji ya kutafuta, na kingewaweka majirani wasiosalimiana kwenye kipindi kimoja. Pia kingempa mkuu wa vipindi nafasi ya kusikia mapema kinachozunguka, cha kheri na cha shari.

Hatua ya tatu ni ya msikilizaji. Kabla ya kumrushia mwenzako wimbo, uliza ni wa nani na unasema nini. Kama huelewi lugha yake, mtafute anayeielewa. Na ukipata wimbo wa jirani uliokugusa, usiufute kadi inapojaa: hamisha nakala kwenye simu ya pili, au mpelekee mtu wa redio, kwa sababu huenda nakala uliyo nayo ndiyo ya mwisho iliyobaki upande huu wa ziwa.