Malaria humvizia mwenye mimba ya kwanza

Mwanamke aliyekulia Siaya au Homa Bay huwa amepambana na malaria tangu utotoni, na afikapo utu uzima mwili wake umekwisha kujijengea kinga. Ajabu ni kwamba apatapo mimba ya kwanza, kinga hiyo haimfai sana. Vimelea hunata katika kondo la nyuma, kwa umbo ambalo mwili wake haujapata kulikabili. Aweza kupimwa damu ya kidole akaambiwa ni mzima, ilhali kondo limevamiwa. Hatimaye yeye hupungukiwa na damu na mtoto huzaliwa na uzani mdogo. Kingamwili za kuvizuia vimelea hivyo huongezeka kadiri anavyoendelea kushika mimba.

Mwaka 2012, Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa ya SP itolewe kila mja mzito ahudhuriapo kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza, dozi zikipishana kwa mwezi mmoja au zaidi. Lakini msichana anayeficha mimba hadi mwezi wa saba, akihofia wazazi na walimu, hukosa dozi za awali. Naye ndiye anayezihitaji zaidi! Wahudumu wa afya vijijini waliokabidhiwa mikoba ya vifaa mwaka 2023 hupita nyumba kwa nyumba. Kaunti ziwaagize waanze na huyu.