Ngozi Si Hati ya Mashtaka

Kutoka Shinjuku, jijini Tokyo, hadi chemchemi za maji moto za Hakone ni kama saa moja na nusu kwa treni ya Romancecar. Ndiyo maana watu wa jiji huenda asubuhi, wakaoga, wakarudi jioni. Lakini mwenye tatuu huweza kufika mlangoni akakuta tangazo linalomkataza kuingia. Mwenye pesa za kukodi bafu la faragha ana njia. Msafiri wa kutwa aliyebeba nauli na kiingilio tu hurudi mkavu.

Watetezi wa katazo hili husema tatuu ni alama ya yakuza, yaani magenge ya wahalifu, na huwatisha wateja. Mimi sikubaliani nao. Jambazi asiye na tatuu huingia bila kuulizwa. Mwaka 2013 bafu moja la Hokkaido lilimkatalia mwanamke Mmaori kwa sababu ya alama za kimila usoni mwake. Alikuwa amekwenda huko kwa mkutano wa lugha za wenyeji asilia! Tena ni kisiwa kile kile ambacho wanawake wa Waainu walichorwa midomoni, desturi ambayo serikali ya Meiji iliipiga marufuku.

Kila aogaye hutakiwa kujisafisha kabla ya kuingia majini. Sharti hilo ni la haki, kwani linamhusu kila mtu. Basi anayechafua maji au kusumbua wenzake atolewe. Anayefuata taratibu aachwe aoge.